Mrija wa Kalisti

Gitega, Kigali
Jumamosi jioni, Agosti 1993

Konso mwanangu,

Mama yako ameshakumaliza kwa maagizo. Nimemsikia tangu asubuhi akizunguka sanduku lako: sweta isikae chini, kitambulisho kikae kifuani na siyo kwenye pochi, kwenye vizuizi usijibu zaidi ya ulichoulizwa, na ukifika Kirundo, kule Burundi, kwa baba yako mkubwa utoe sukari kwanza, salamu baadaye, maana yeye tangu utoto salamu hazimshibishi. Mimi hapo sina la kuongeza. Kama kuna kitu mama yako amekisahau, basi hakipo.

Naandika kibandani kwangu, kwenye benchi la kazi. Baiskeli ya Rajabu fundi cherehani imening'inia mbele yangu haina gurudumu la nyuma. Nilimwahidi saa kumi. Saa kumi imepita na sijaigusa. Amekuja mara mbili kuiulizia, akanikuta nimeshika kalamu badala ya spana, akaondoka anatikisa kichwa. Bila shaka mtaa mzima sasa unajua kwamba Lewo anaandika.

Barua hii nitaichomeka katikati ya daftari zako za masomo, usiione mpaka siku utakayolifungua daftari mbele ya wanafunzi wako wapya. Nafanya hivyo kwa makusudi. Kesho asubuhi kuna jambo litakuwa kati yangu na wewe pale uani, na sitaki ulifanye kwa sababu nimekuomba. Nitalieleza mwishoni. Kwanza lazima nipite kwa Kalisti.

Wewe unamjua Kalisti kama baba yako wa ubatizo, yule mrefu wa Gahanga, nje kidogo ya mji, mwenye mwanya, aliyekuja kila Jumapili na ndizi mbivu kwenye kapu. Hukuwepo siku nilipomjua mimi. Tulifika hapa mwaka wa sabini na mbili, mama yako na mimi, wewe ukiwa tumboni. Nyumba yetu ya Buyenzi, kule Burundi, tuliiacha mlango wazi tukiyakimbia mauaji. Hakuna aliyetuaga. Watu wengine walikimbia na blanketi, na unga, na sufuria. Mimi nilipofika Kigali nikatazama mikono yangu nikakuta nimebeba pampu ya baiskeli na kopo la gundi. Mama yako hajaacha kunicheka mpaka leo.

Basi nikakaa kando ya barabara hapahapa Gitega, nikangoja matairi ya watu yapasuke. La kwanza kupasuka lilikuwa la Kalisti. Alikuwa anatoka Gahanga na vibuyu viwili vya pombe ya ndizi, anapeleka kwenye harusi. Nikaziba pancha. Akapapasa mifuko yake yote, akacheka.

"Sha, mfukoni iko hewa tu. Lakini pombe iko."

Akafungua kibuyu kimoja, akachomeka mrija, akavuta yeye kwanza, kisha akaugeuza upande wangu. Unajua desturi, ya kwetu Burundi na ya hapa ni moja: mwenye pombe anaonja kwanza, mgeni aone haina kitu kibaya, halafu mrija uleule unahamia kwa mgeni. Ni jambo dogo, watu wanalifanya kila siku bila kulifikiria. Lakini mimi nilikuwa na miezi mitatu sijageuziwa mrija na mtu yeyote. Nilikunywa, machozi yakanitoka, nikasingizia gundi.

Ulipozaliwa, padri aliniuliza nani atasimama na mtoto. Katika Kigali nzima nilikuwa na mtu mmoja tu, yule wa pancha. Ndivyo ulivyompata.

Jumapili zetu unazikumbuka mwenyewe. Baada ya misa tunatoa benchi nje ya kibanda, tunaweka ubao wa igisoro katikati, mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne, na Kalisti anaanza kuninyang'anya. Kete aliziita ng'ombe. Akizichota kwangu alizihesabu kwa sauti, moja moja, wapita njia wasikie. Katika miaka kumi na tisa nilimshinda mara nne, na mama yako anasema mbili kati ya hizo mwenzangu alikuwa amelewa. Rajabu ndiye alikuwa mwamuzi, na Fanta yake mkononi, kwa sababu ndiye peke yake aliyeweza kuhesabu mpaka jioni. Wewe ulipita katikati ya magoti yetu. Kibuyu kikikaribia kuisha Kalisti alikuachia povu la chini, unavuta mrija mpaka mashavu yanaingia ndani, halafu unapiga chafya, na benchi zima linacheka. Kila Jumapili kichekesho kilekile, na kila Jumapili tulicheka.

Vita vilipoanza kule kaskazini, Kalisti naye akaanza kukonda. Mwanzoni tulimtania kwamba anawaogopa wanajeshi. Kisha hatukumtania tena. Shati lilimning'inia, kikohozi kilikata hesabu ya ng'ombe katikati. Hakuna aliyesema kitu mbele yake. Nyuma yake walisema neno moja, sida, yaani ukimwi, ugonjwa ambao siku hizi hata mtu akipata malaria ya wiki mbili anapewa. Mpaka leo sijui alikuwa anaumwa nini. Sikumuuliza, na yeye hakuniambia, na labda alikuwa anangoja niulize.

Sasa nisikilize. Sikuwa mjinga. Nataka hilo ulijue, maana nimewahi kumwacha mama yako aseme kwamba sote tulikuwa hatujui. Redio ilikuwa imeshasema. Yule sista wa zahanati alisimama mbele ya kanisa baada ya misa akaeleza, polepole, kwamba ugonjwa ule haupiti kwenye kikombe wala kwenye mrija wala kwenye kushikana mikono. Nilikuwa mstari wa tatu. Nilimsikia vizuri kabisa.

Ikaja sherehe yako, Julai ya mwaka juzi, ulipopata diploma ya ualimu. Mtaa wote ulikuwepo. Tuliazima viti vya kanisani, mama yako aliweka majani ya migomba langoni, Rajabu alikushonea gauni la bluu na akakataa kula mpaka umelivaa mbele yake azunguke aone mshono. Kulikuwa na burusheti, mishikaki ya mbuzi, kulikuwa na kaseti, kina mama walicheza mpaka vumbi likapanda. Nadhani ndiyo sherehe nzuri kuliko zote zilizowahi kufanyika kwenye ule ua. Na asubuhi yake, kabla mgeni hata mmoja hajafika, mimi nilikuwa nimekwenda nyuma ya choo penye matete, nikakata tete moja changa, nikalisafisha, nikalitia kwenye mfuko wa shati.

Kwa hiyo usifikiri lilinitoka kwa ghafla. Nilikuwa nimejiandaa.

Kalisti alifika saa nane, anasukuma baiskeli kwa miguu kwa sababu kupanda alikuwa hawezi tena. Alisukuma hivyo kutoka Gahanga, na kibuyu kikubwa nyuma. Pombe ile aliipika mwenyewe kwa ajili yako. Akakiweka kibuyu katikati ya ua, akachomeka mrija, akasema maneno yake, kwamba alikubeba ukiwa na uzito wa pampu ya baiskeli na leo wewe ni mwalimu. Watu wakapiga makofi. Akavuta, akafuta mdomo, akaugeuza mrija upande wangu, maana mimi ndiye mwenye sherehe.

Ua wote uligeuka kunitazama. Kaseti ilikuwa inaendelea lakini hakuna aliyecheza. Sikumwogopa Kalisti, mwanangu. Niliyaogopa yale macho. Nilijua nikinywa, kuanzia kesho yake hakuna jirani atakayekunywa kwangu. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa tete langu.

Kalisti alilitazama. Alilitazama jinsi lilivyokatwa vizuri.

"Iko vizuri, Lewo," akasema. "Kila mutu na yake."

Hapo ukasimama wewe na gauni lako la bluu. "Mimi nitakunywa, Papa Kalisti," ukasema, ukanyoosha mkono. Na mimi nikaushika. Mbele ya watu wote, siku yako mwenyewe, nilikushika mkono kwa nguvu nikakurudisha kwenye kiti. Alama za vidole vyangu niliziona bado zipo ulipokuwa unapokea zawadi. Mtu mmoja akapiga kelele, "Leteni glasi, jamani, na bia za chupa!" na kila mtu akashukuru kupata cha kufanya. Kibuyu kilibaki katikati ya ua, mrija wake umesimama, watu wakicheza kukizunguka. Jioni Kalisti alikifunga tena kwenye baiskeli kikiwa kimejaa. Nilitaka kumpimia upepo wa matairi. Akaniambia upo wa kutosha, nisisumbuke.

Rajabu alibaki kunisaidia kukunja viti. Alikunja kama kumi, halafu akasema, "Lewo, mimi dini yangu hainiruhusu. Lakini leo, kama ingeruhusu, mimi ningekunywa." Akaenda zake. Tangu siku ile hajalirudia neno hilo, na bado analeta baiskeli yake kwangu, na mimi kila nikiishika nalisikia.

Jumapili iliyofuata nilitoa benchi na ubao. Na iliyofuata. Nilijiambia nitakwenda Gahanga. Kila wiki kulikuwa na sababu, na zote zilikuwa za kweli: mara vizuizi, mara mvua, mara kazi. Watu wanadhani mtu mbaya anasema uongo. Mimi sikusema uongo hata mara moja, nilikuwa na sababu za kweli thelathini, na Kalisti akafa wakati wa masika mimi nikiwa na sababu ya thelathini na moja.

Siku ya kunawa, baada ya maziko, ulikuwepo, kwa hiyo uliona. Pombe ya msiba ilizunguka, mrija mmoja, mkono kwa mkono, ndugu, majirani, hata yule mwalimu mkuu mwenye suti. Mrija ulipofika karibu yangu, Verediana mke wa Kalisti alisimama, akaingia ndani, akarudi na glasi juu ya kisahani, imefunikwa kitambaa cheupe.

"Papa Konso, wewe unapenda ya peke yako. Iyi nimeosha mara mbili."

Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo, ningejua pa kuanzia. Aliniinamia kwa heshima zote, akanimiminia, na mimi nikanywa. Wewe ulikuwa umekaa kati yake na dada yake, na mrija ulikuwa mdomoni mwako, na ulinitazama juu yake.

Tangu hapo, kila pombe inapowekwa nyumbani, Krismasi, Pasaka, wageni wakija, wewe unanyanyuka kimya, unakwenda kabatini, unarudi na glasi moja, unaniwekea mimi. Umefanya hivyo mwaka mmoja na nusu. Mama yako alifikiri ni adabu, siku moja akakusifu mbele ya wageni. Nami nanywea. Nimewahi kufikiri nitairudisha, nitasema "leo hapana", na kila mara mkono umekwenda wenyewe kuipokea.

Na unajua kinachonichekesha, kama ni kicheko? Siku hizi harusi zote za mtaa huu watu wanakuja na mirija yao mifukoni. Wananipiga bega. "Lewo, wewe ulitutangulia kwa akili." Wananisifu, Konso.

Wiki ile barua ya baba yako mkubwa ilipofika, kwamba Kirundo wanataka walimu na waliokimbia wanarudi wanaimba baada ya uchaguzi, ulikaa mezani ukaniuliza, "Papa, nikikaa hapa nitafanya nini?" Nikatazama sahani. Baba wa maana angesema nenda, au angesema kaa. Mimi sijui kule kukoje, miaka ishirini na moja sijakanyaga. Hapa nako sijui. Nawasikia watu wanavyoongea siku hizi kwenye foleni ya maji, wanavyonyamaza mtu fulani akifika. Sina ukuta wa kukuwekea upande wowote. Nakutuma kwenye barabara ileile niliyoikimbia, na sina hata pampu ya kukupa, maana sasa pampu ndiyo kazi yangu. Nimejaribu kutafuta la kukuambia ambalo litakulinda. Nililonalo ni hili la Kalisti tu: kwamba sikumkosea kwa kutojua, nilimkosea nikiwa najua, kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Sijui utalitumiaje. Labda halitumiki.

Leo asubuhi nilipowaambia nakwenda kutafuta spoku mjini, nilikwenda Gahanga. Verediana alikuwa anapalilia maharage. Aliniwekea kigoda, akaniuliza habari za nyumbani, kila mtu kwa jina lake.

"Konsolata anaondoka kesho," nikamwambia. "Nimekuja kuomba pombe ya kumuagia. Ya kutoka hapa. Ni mtoto wa hapa pia."

Aliegemea jembe. "Anaenda wapi?"

"Burundi. Kufundisha."

"Mana yanjye," akamwita Mungu wake, taratibu. Akaingia ndani, akakaa huko mpaka nikafikiri ndiyo jibu. Akatoka na kibuyu kimefungwa kwa jani la mgomba. Kisha akapanda kwenye kigoda, akaingiza mkono chini ya paa juu ya mlango, akavuta mrija, mkavu, mweusi kwa moshi.

"Iyi ilirudi na kibuyu siku ile," akasema. "Nilimwambia atupe. Alikataa."

"Alisema nini?"

"Alichomeka pale juu, akaenda kulala." Akaufuta kwa kanga yake, akanipa. "Ni ya mtoto. Siyo yako."

Halafu akaniletea glasi. Juu ya kisahani. Nikanywa, Konso, nifanyeje, nikanywa nikashukuru.

Wakati wa kurudi, kwenye kizuizi, askari mmoja kijana alitaka kujua kibuyuni mna nini. Nikamwambia. Akacheka, akasema nionje kwanza aone kama sitaanguka. Mrija nilikuwa nao mkononi. Nikakiinua kibuyu kizima nikakigeuzia mdomoni, pombe ikamwagika shingoni, kifuani, mpaka ndani ya suruali. Wote walicheka sana. Mmoja akaniuliza, "Mzee, mrija iko ya nini?" Nikasema siyo wangu. Ndiyo maana nilifika nyumbani nanuka na mama yako akanisema mbele yako. Sikuwa nimelewa.

Basi, la kesho ni hili. Kabla hujabeba sanduku tutakaa uani, sisi na Rajabu na majirani wachache, kwa ile agashinguracumu, pombe ya kumsindikiza anayeondoka. Haitakuwa pombe yangu. Imetoka kwa Kalisti na ni yako, kwa hiyo wewe ndiye utakayeonja kwanza. Mrija nitakuwa nimeuchomeka, na nitakuambia kwa sauti ni wa nani, ili kila mtu asikie. Nitakaa upande ule alikokaa Kalisti. Kisha watakutazama wewe, kama walivyonitazama mimi. Utaugeuza mrija upande wangu, au utanyanyuka kwenda kuleta glasi.

Glasi nitazipanga mwenyewe mezani, zote sita, karibu na mkono wako, isije ikaonekana nimekuzibia njia. Na ukiniletea nitaipokea kwa mikono miwili, na nitakubebea sanduku mpaka barabarani kama kawaida, na sitakuwa na neno. Sitaki unihurumie kwa sababu ya safari. Ndiyo maana hii barua iko kwenye daftari.

Wewe unayesoma umeshajua ulichofanya. Huko uliko, limeshapita. Mimi ninayeandika sijui, na jua linashuka, na Rajabu amerudi mara ya tatu, safari hii amekuja na kiti chake. Acha nimfungie gurudumu lake.

Kesho nitavaa shati lilelile la sherehe yako. Nimelikagua. Mfukoni iko hewa tu.

Papa yako,
Lewo